Jina la Kitufe cha Kusini

Nyamizi Shija alikuwa amebakiza vitufe vinne tu amalize kazi alipokikuta kimoja kisichokuwa na jina wala maelezo.

Alikuwa ameketi katika chumba cha uongozaji cha mgodi wa Kilambasi, juu ya ardhi, dirisha likiwa wazi na jua la saa nane likiingia hadi mezani. Chini ya miguu yake, kilomita nne ndani ya mwamba, watu mia mbili na arobaini na saba walikuwa wakivuta hewa ambayo kuanzia kesho yake ingepelekwa na programu iliyokuwa mbele yake. Programu hiyo iliitwa Pumzi. Kule chini mwamba una joto la kuivisha yai, na feni zikisimama mtu hamalizi robo saa.

Nyamizi hakuwa mchimbaji wala mhandisi. Alikuwa mtaja. Kazi hiyo ilizaliwa na msiba. Miaka ya nyuma, katika mgodi mwingine, moshi ulipanda mpaka ukajaa chumba cha uongozaji, na waongozaji wenye macho mazima wakakaa mbele ya skrini wasizoweza kuziona huku wenzao wakifa chini. Tangu hapo ikaamriwa kwamba programu yoyote inayoshika pumzi za watu lazima iweze kuendeshwa kwa masikio peke yake. Vyumba vya uongozaji vikaanza kuajiri wasioona, maana wao walikuwa wamezoea tangu zamani.

Lakini kisoma skrini hakioni picha. Kinachofanya ni kuiuliza programu, kupitia mlango wa pembeni ambao mafundi wanauita kiolesura cha ufikivu: hapa pana nini? Programu hujibu kwa kutoa mti wa majina, na kila tawi la mti huo husema mambo matatu: naitwa nani, mimi ni kitu gani, na sasa hivi niko katika hali gani. *Punguza kasi, feni ya tatu. Kitufe. Kimewashwa.* Tawi likikosa jina, kisoma skrini husema "kitufe" basi, na asiyeona hubaki ameshika kitu asichokijua. Nyamizi ndiye aliyetundika majina, moja baada ya jingine, na chini ya kila jina aliweka sahihi yake kwamba ni la kweli.

Siku zote wahandisi walimpa orodha. Hiki hakikuwamo. Kwenye skrini kilionekana kama jani dogo la kijani, chini ya ramani ya sehemu ya mgodi iitwayo Kusini. Kwa kuwa hakukuwa na mtu wa kumwuliza pale, alifungua nakala ya majaribio, ambayo ni Pumzi ileile ila haijaunganishwa na feni wala mlango wowote, akavaa spika za masikioni, akabonyeza jani.

"Mlango wa chuma, Kusini, unafungwa," kisoma skrini kikasema. "Umefungwa. Feni ya Kusini, imesimama. Vali ya naitrojeni, imefunguliwa."

Nyamizi akainama kidogo asikie vizuri.

"Oksijeni, Kusini, kumi na tisa. Kumi na nne. Tisa. Nne. Moto, umezimika."

Kila mchimbaji huvaa bangili inayopima mapigo ya moyo, na hata nakala ya majaribio ilikuwa na wachimbaji wake wa kubuni. Sauti ikaendelea bila kupanda wala kushuka, kama inayosoma saa za mabasi.

"Watu ndani, Kusini, kumi na mmoja. Mapigo ya moyo, kumi na moja. Sita. Mawili. Hakuna."

Alivua spika akaziweka mezani. Jua lilikuwa bado pale pale mezani. Hatua tano kutoka kwake, mwongozaji wa zamu alikuwa amempa mgongo, anaendesha programu ya zamani, anapiga mluzi. Nyamizi akatoka nje bila kufanya kelele, kana kwamba kuna kitu ndani ya chumba ambacho hakutaka kukiamsha.

* * *

Alisimama nyuma ya maghala akampigia Injinia Kaijage, aliyekuwa kiongozi wa kampuni iliyoitengeneza Pumzi. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu wa kusikiliza, na alipozungumza alitumia sauti ya chini.

"Injinia, nimekuta kitufe huku Kusini."

"Jani."

"Ndiyo. Halimo kwenye orodha."

"Nilipitiwa. Liite Safisha hewa, Kusini."

"Nimelijaribu, Injinia."

Nyamizi akasikia upande wa pili mlango ukifungwa taratibu.

"Basi umeona linazima moto," alisema.

"Nimeona linaua watu kumi na mmoja."

"Linaokoa mia mbili na thelathini na sita. Ukihesabu, hesabu mpaka mwisho." Hakusema kwa hasira. "Moto ukiwaka Kusini, moshi unapita njia panda. Ukishapita njia panda, feni zetu wenyewe zinausambaza mgodi mzima. Hakuna maji ya kuuwahi. Kuna kufunga na kuunyima hewa, basi. Wewe unajua njia nyingine?"

"Sijui. Lakini mzee Yusto ndiye atakayekuwa zamu. Haoni. Hana jani, hana ramani, hana kitu kingine chochote ila jina nitakaloliandika. Akisikia safisha hewa atadhani anawasaidia waliomo."

"Ndivyo ninavyotaka adhani."

Nyamizi akaegemea ukuta wa ghala. Bati lilikuwa la moto, lakini hakusogea.

"Nikueleze kitu ambacho hakimo kwenye ripoti," Kaijage akasema. "Miaka sita iliyopita, sehemu nyingine, kitufe kama hiki kilikuwa na jina lake halisi. Moto ukawaka. Ndani walikuwa tisa. Mwongozaji akawajua wote kwa majina, akaweka kidole, kidole kikamganda. Akasema awasubiri kidogo. Akawasubiri tena kidogo. Walikufa sitini na mmoja, Nyamizi, na hao tisa wakiwemo. Yeye mwenyewe hakumaliza mwaka. Mimi ndiye niliyemtengenezea kitufe kile. Nimejiuliza, kosa lilikuwa wapi? Kosa lilikuwa jina. Tulimpa mtu mmoja mzigo ambao hakuna binadamu anayeubeba kwa sekunde thelathini. Mwenye macho nitamchorea jani. Yusto utamwambia safisha hewa. Atabonyeza kwa wakati, watu watapona, na yeye atalala usingizi wake."

"Na nikiandika ukweli?"

"Andika. Sikuzuii. Siku ikifika, uje unisaidie kuwahesabu."

Hakumtishia kazi wala kibali chake cha utaja. Nyamizi angependa amtishie, maana kitisho mtu unaweza kukikataa. Aliyoyasikia yalikuwa na hesabu ndani yake, na hesabu hiyo hakuweza kuivunja. Alirudi ndani, akaketi, akaandika polepole.

*Jina: Safisha hewa, Kusini. Aina: kitufe. Maelezo: hutumika moshi unapozidi.*

Akatia sahihi. Hakukuwa na neno hata moja ambalo angeweza kulinyooshea kidole na kusema hili ni uongo. Jambo hilo ndilo lililomtia hofu zaidi, na hofu hiyo alikwenda nayo nyumbani.

* * *

Asubuhi yake, saa mbili, Pumzi iliwashwa kwa mara ya kwanza ikiwa imeunganishwa na mgodi wenyewe. Aliyekuwa kwenye kiti ni Yusto Ndaki, mtu wa miaka hamsini na miwili, asiyeona tangu kuzaliwa, aliyekaa Kilambasi miaka kumi na tisa. Kisoma skrini chake alikiendesha kwa kasi ambayo Nyamizi, pamoja na uzoefu wake, alisikia tu kama maharage yanayomiminwa kwenye debe.

"Shikamoo, mzee Yusto."

"Marahaba, binti. Kaa karibu. Leo napitia jina kwa jina, nikikosa kuelewa nakuuliza."

Kwa kuwa ilikuwa siku ya kwanza, Nyamizi aliunganisha spika na kompyuta yake na ile ya Yusto, maneno yakimjia pia kwa maandishi, ili jina likionekana halifai alirekebishe hapo hapo. Waliendelea hivyo saa nzima. Yusto alipita feni, milango, vipima joto, akitingisha kichwa. Mara mbili alimsifu. Nyamizi alikuwa anahesabu matawi yaliyobaki kabla ya Kusini.

Vidole vya Yusto vikasimama.

"Safisha hewa, Kusini," alirudia. "Hiki kipya. Kinafanyaje kazi?"

"Kuna vali mpya zimefungwa kule," Nyamizi akasema. "Za moshi."

"Zinausukuma wapi moshi?"

Lilikuwa swali la mtu anayeijua kazi yake. Nyamizi alifungua mdomo, akaona zile namba zikishuka, kumi na moja, sita, mawili. Akaona na sitini na mmoja wa Kaijage wamelala mstari.

"Injinia ndiye anayejua vizuri," alisema. "Maelezo niliyopewa ni kwamba hutumika moshi unapozidi."

Yusto akacheka kidogo, cheko la mtu aliyeletewa alichokiomba siku nyingi.

"Miaka mitatu nawaambia. Kusini hakuna hata chumba cha kujikinga, bado hakijachimbwa. Wakipata moshi kule hawana pa kuingia." Akabonyeza redio. "Kabula. Kabula Kusini."

Kabula Maganga alikuwa msimamizi wa kikosi kilichopelekwa Kusini siku hiyo, mwanamke wa sauti nzito, fundi wa mitambo kabla hajawa msimamizi. "Nakupata, Yusto."

"Leo nina dawa yenu huku. Mkipata moshi, nawasafishia kwa kidole kimoja."

"Usije ukaijaribia kwangu," Kabula akajibu, na nyuma yake watu wakasikika wakicheka.

Nyamizi alikunywa maji yote yaliyokuwa kwenye chupa yake. Alijiambia atamweleza Yusto wakati wa chai, saa nne, watakapokuwa peke yao. Alijiambia hivyo kwa nguvu sana, na hiyo ikamtuliza.

* * *

Saa nne kasoro dakika kumi, kisoma skrini kikakatiza sentensi yake chenyewe.

"Tahadhari. Moshi, mkanda wa Kusini."

Yusto hakushtuka. Alinyoosha mgongo, akaisogeza kibodi karibu. "Kabula, sema."

"Mkanda wa mawe unawaka," Kabula akasema. Alikuwa anahema lakini maneno yalikuwa safi. "Kama mita mia mbili kutoka njia panda. Sisi tuko upande wa ndani, nyuma ya moto, wote kumi na mmoja. Ukuta wa kushoto bado unapitika. Tutoke?"

Kutoka maana yake ilikuwa kupita kando ya mkanda unaowaka. Yusto akafikiri kwa muda wa pumzi moja.

"Msipite kwenye moto. Rudini nyuma, laleni chini. Nashusha feni za Kaskazini kwanza ili wenzenu wasiupate moshi, kisha nawasafishia hewa. Dakika mbili."

"Sawa."

Nyamizi alisikia kila neno. Alijua kwamba hapo ndipo mahali pa kusema, na akasubiri mdomo wake useme. Haukusema. Vidole vya Yusto viliruka kwenye kibodi. Feni ya kwanza ya Kaskazini ikashuka, ya pili, ya tatu, kisha ile ya Mashariki. Aliyapenda majina yale. Hakurudia hata moja.

"Moshi, njia panda, tisa," kisoma skrini kikasema. "Kumi na tatu."

Kikomo kilikuwa hamsini. Moshi ukifika hamsini pale njia panda, unaanza kuingia kwenye njia za wengine, na watu wanaanza kudondoka. Kila mtu katika chumba kile aliijua namba hiyo.

"Kumi na nane."

Feni ya mwisho ikashuka. Yusto akahamia Kusini, tawi moja, mawili, matatu.

"Safisha hewa, Kusini. Kitufe."

Nyamizi akamshika kifundo cha mkono kwa mikono miwili.

"Usibonyeze," alisema, na sauti iliyotoka haikuwa yake. "Mzee Yusto, usibonyeze. Hakisafishi hewa."

"Kinafanya nini?"

"Kinafunga mlango, kinaingiza naitrojeni. Moto unakufa. Na wao wanakufa. Nilijaribu kwenye nakala. Nilijua."

Mkono wa Yusto ulibaki umetulia ndani ya mikono yake. Alikigeuza kichwa upande wake, kama anayesikiliza iwapo kuna kingine.

"Nimewalaza chini dakika mbili," alisema.

Kisha akajinasua, akabonyeza redio.

"Kabula, nimekosea. Tokeni. Tokeni sasa hivi, ukuta wa kushoto, vaeni barakoa, mshikane."

"Umesema tulale."

"Nilidanganywa, nami nikawadanganya. Nisikilize vizuri. Moshi ukifika hamsini njia panda, nitaufunga mlango wa chuma na nitatia hewa isiyovutwa ndani. Sina njia nyingine ya kuzuia usiwafikie watu wengine. Atakayebaki nyuma ya mlango hatapona. Huo ndio ukweli wote nilionao."

Redio ikachakacha. Nyamizi akadhani Kabula atapiga kelele.

"Tuna muda gani?" Kabula akauliza.

"Dakika tatu."

"Inukeni," Kabula akasema, si kwa Yusto. "Inukeni wote, bila kukimbia."

Yusto akafanya jambo ambalo Nyamizi hakulitegemea. Alikipunguzia kasi kisoma skrini, akakipunguza tena, mpaka kikawa kinasema kama mtu wa kawaida, ili neno lolote lisimpite.

"Moshi, njia panda, ishirini na sita. Watu ndani, Kusini, kumi na mmoja."

Simu ya Nyamizi ikaanza kutetemeka mezani. Lilikuwa jina la Kaijage. Bila shaka naye alikuwa anaitazama Pumzi akiwa ofisini kwake, anajiuliza kwa nini jani halijabonyezwa. Aliiacha itetemeke.

"Watu ndani, kumi na mmoja. Kumi. Tisa."

Walikuwa wanapita. Nyamizi alikuwa ameuma ngumi yake.

"Thelathini na tatu. Watu ndani, saba. Sita. Watano."

"Njooni, njooni," Yusto alinong'ona, redio ikiwa imezimwa.

"Thelathini na tisa. Watu ndani, wanne. Watatu."

Wakabaki watatu. Sekunde kumi, watatu. Sekunde ishirini.

"Kabula, sema."

"Mkanda umekatika." Sasa alikuwa anakohoa. "Umemlalia Nkuba miguuni. Niko na Shigela. Tunauinua."

"Uache. Toka, Kabula."

"Tunauinua, Yusto."

"Arobaini na nne. Watu ndani, watatu."

Mezani simu ikanyamaza, ikaanza upya. Nyamizi alijikuta anaomba, si kwa maneno, anahesabu tu na sauti ile, huku akiichukia. Akawafikiria wale mia mbili na thelathini na sita ambao feni zao zilikuwa zimeshushwa, wamesimama gizani katika joto lile, wanasubiri. Kidole cha Yusto kilikuwa juu ya kibodi, hakishuki. Akajua anakiona kile kidole cha yule mwongozaji wa miaka sita iliyopita. Kaijage hakuwa amesema uongo hata kidogo.

"Arobaini na saba."

"Binti," Yusto akasema. "Badilisha jina."

"Mzee?"

"Sikibonyezi kikiitwa hivyo. Andika kinachofanya. Upesi."

Alivuta kompyuta yake. Herufi zilimkimbia, alikosea, akafuta, akaandika tena, akatuma. Yusto akarudi tawi moja nyuma, akaja tena mbele.

"Funga Kusini na uzime moto," kisoma skrini kikasoma taratibu. "Waliomo ndani watakufa. Kitufe. Watu ndani, watatu."

"Moshi, njia panda, hamsini na moja."

"Kabula," Yusto akasema.

"Nakusikia."

"Imefika."

Kulikuwa na mlio wa chuma, na sauti ya mwanamume akisema kitu ambacho hakikueleweka.

"Wenzangu je?"

"Wanane wamepita njia panda. Wako kwenye lifti."

"Haya," Kabula akasema. Akakohoa muda mrefu. "Haya, Yusto. Fanya."

Yusto akabonyeza. Hakuvua spika. Alisikiliza mlango ukifungwa, akasikiliza feni ikisimama na vali ikifunguka, akasikiliza oksijeni ikishuka, na mapigo ya mioyo mitatu, na mawili, na moja ambalo lilikaa peke yake kwa muda mrefu kuliko Nyamizi alivyodhani mtu anaweza. Moshi wa njia panda ukafika hamsini na tatu, ukasimama, ukaanza kushuka. Ndipo akaanza kuzipandisha feni za Kaskazini, moja moja, kwa mpangilio wake.

* * *

Tume ya uchunguzi ilikaa wiki tatu. Nyamizi alieleza kila kitu, na kibali chake alikirudisha mwenyewe kabla hajaambiwa. Kaijage naye hakujificha. Mtaalamu wa moto aliyeletwa alisema mambo mawili, na yote mawili yaliandikwa. La kwanza, kwamba kama Yusto angejua tangu asubuhi kitufe kile ni cha nini, angewatoa watu wa Kusini dakika ile ile mkanda ulipowaka, na kwa mwendo wao wote kumi na mmoja wangepita. La pili, kwamba kama angechelewa nusu dakika zaidi, maiti zingehesabiwa kwa mamia.

"Mnamshukuru kwa sababu alibonyeza," Kaijage aliwaambia wajumbe wa tume. "Nani hapa ataniahidi kwamba wa kesho naye atabonyeza?"

Yusto aliulizwa kama ana la kusema. Alisema anaomba arudi zamu, na kwamba kuanzia sasa kila kitufe kipya atakibonyeza mwenyewe kwenye nakala kabla ya kukubali jina lake. Hakumsemesha Nyamizi, si siku hiyo wala baadaye.

Siku ya nne baada ya tume, Nyamizi alikwenda kwa Masele, mume wa Kabula. Alikuwa fundi wa kuchomelea mwenye karakana yake kando ya barabara ya mgodini. Alimkuta anasugua fremu ya dirisha kwa msasa, miwani myeusi imepandishwa kwenye paji la uso. Nyamizi akampa pole, akataja jina lake na kazi aliyokuwa nayo. Masele akaendelea kusugua.

"Wameniambia mke wangu alikuwa anajua," alisema baadaye. "Kwamba aliambiwa kabla. Ni kweli, au ni maneno ya kunifariji?"

"Ni kweli. Mzee Yusto alimwambia yote. Alijua, na alichagua kubaki na Nkuba."

Masele akatingisha kichwa. Lilikuwa jambo analoliamini kuhusu mkewe.

"Na Yusto aliambiwa na nani?"

"Na mimi."

"Basi wewe ndiye uliyewatoa wale wanane."

Nyamizi alitamani aishie hapo. Mlango wa kutokea ulikuwa wazi nyuma yake.

"Nilichelewa, mzee," alisema.

"Kwa dakika mbili. Nimesikia."

"Hapana. Nilikijua kitufe kile tangu jana yake. Saa tisa alasiri. Nikakipa jina la uongo kwa mkono wangu."

Msasa ukasimama. Masele akaiegemeza fremu ile ukutani kwa uangalifu, kana kwamba ilikuwa ya kioo.

"Jana yake," alisema. "Jana yake alirudi saa kumi na mbili. Aliota moto pale jikoni, maana walikuwa wamemwagiwa maji huko chini. Akaniambia kesho wanapelekwa Kusini, na mimi nikamwuliza kukoje." Akajifuta mikono kwenye suruali, kwanza mmoja, kisha mwingine. "Alikuwa na usiku mzima wa kukataa."

Masele hakumfukuza wala hakumkaribisha kiti. Alikaa juu ya tangi tupu la gesi akatazama barabarani, na Nyamizi akabaki amesimama pale pale, akiogopa kuondoka kuliko alivyoogopa kuja.